Kabla ya Kununua Jino, Tazama Fizi

Mama anapiga mswaki asubuhi, anasukutua, anatema, na mate yana damu. Afanyeje? Swali hili tuliwauliza akina mama wa Majengo, hapa Sumbawanga mjini, siku moja tulipokutana kwa mafundisho ya afya baada ya ibada. Majibu yalikuja upesi. Mmoja alisema mswaki wake ni mgumu. Mwingine aliisingizia baridi ya Ufipa, maana mwezi wa Juni na Julai maji ya bomba hapa kwetu huuma meno kama barafu. Wa tatu, mama mtu mzima anayeheshimiwa sana, alisema damu ikitoka yeye huacha kupiga mswaki siku kadhaa ili fizi zipumzike. Wengi waliitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyesema kuwa damu hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Sisi wauguzi tumezoea majibu hayo. Mtu akikojoa damu, kesho yake alfajiri yuko hospitali. Lakini fizi zinaweza kutoa damu miaka 10 na mwenyewe asimwambie hata mumewe, kwa sababu haziumi. Jino lililotoboka humnyima mtu usingizi na kumpeleka kwa daktari apende asipende. Fizi zilizougua hukaa kimya mpaka siku jino linapoanza kucheza, na siku hiyo kazi iliyobaki huwa ngumu.

Zaidi ya hayo, siku hizi limeingia jambo jingine katika familia zetu. Watoto walioko Dar es Salaam au Mbeya wamesikia habari za meno ya kupandikiza, yale yanayofungwa ndani ya mfupa wa taya kwa skrubu ya madini. Wanataka kumfurahisha mama. Wanachanga, au wanauza kitu, maana bei ya jino moja la namna hiyo hupita bei ya ng'ombe. Hatusemi ni vibaya. Tunasema kwamba jino hilo jipya linakwenda kukaa katika fizi zilezile, na kama fizi ni gonjwa, fedha hiyo imewekwa mahali pabaya.

Moto ndani ya fizi

Pale jino linapokutana na ufizi hujengeka utando laini unaonata, unaoitwa ukoga. Ukoga si mabaki ya chakula tu kama wengi wanavyodhani. Ni makazi ya vijidudu vingi mno. Usipoondolewa kila siku, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe, na hapo huitwa ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki, hautoki kwa chumvi, wala hautoki kwa mkaa uliosagwa, ambao unachofanya zaidi ni kukwangua jino.

Mwili ukiona vijidudu vimepiga kambi mlangoni, haukai kimya. Mishipa midogo ya damu hutanuka, chembe nyeupe za damu humiminika mahali pale, ufizi huwa mwekundu, huvimba, na ukiguswa kidogo hutoa damu. Mwaka 1965 huko Denmark, mtaalamu Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba na kutoa damu. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Kwa hiyo yule mama anayezipumzisha fizi zake anafanya jambo lilelile lililowaletea watu wale ugonjwa. Fizi zinazotoa damu zinahitaji mswaki laini na mkono mwepesi, lakini zinahitaji mswaki.

Hapo ugonjwa bado ni mdogo na unarudi nyuma. Taabu ni kwamba kwa baadhi ya watu moto huo hauishii juu. Unashuka polepole kufuata mzizi, ufizi unaachana na jino, kunakuwa na mfuko, na mfupa unaolishika jino unaanza kuliwa.

Nani anaula mfupa? Wengi watajibu kuwa ni vijidudu. Vinachangia, lakini uharibifu mkubwa unafanywa na mwili wenyewe. Ni kama mgambo waliotumwa kumfukuza mwizi wakaishia kubomoa nyumba. Kati ya jino na ufizi kuna mfereji mwembamba ambamo hutoka majimaji kidogo sana, na wataalamu huyanyonya kwa kikaratasi na kuyapima. Katika fizi gonjwa hukuta vitu vimeongezeka. Kimojawapo ni intaleukini-1 beta, kemikali inayoita chembe nyingine zije vitani na kuziamsha zile zinazomung'unya mfupa. Kingine ni prostaglandini E2, ambayo ni ya ukoo uleule wa kemikali zinazoleta maumivu na homa mwilini. Cha tatu kinaitwa MMP-8, nacho ni kimeng'enya kinachotolewa na chembe nyeupe za damu. Kazi yake ni kukata nyuzi za kolajeni, na nyuzi za kolajeni ndizo zinazolifunga jino kwenye mfupa kama kamba zinavyofunga fito za nyumba.

Vitu hivi huitwa viashiria. Tunapotaka kujua kama mtoto ana malaria hatumtafuti mbu. Tunatafuta alama yake ndani ya damu. Viashiria vya fizi ni vivyo hivyo: ni alama kwamba moto unawaka, hata pale ambapo macho hayajaona kitu.

Si kila anayetokwa damu atapoteza meno

Kwa nini wataalamu wahangaike na vipimo hivyo, ikiwa damu kwenye mswaki inaonekana na kila mtu? Jibu lake kwa sehemu limetoka katika nchi zetu hizi.

Mwaka 1986 watafiti Baelum, Fejerskov na Karring walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa watu wazima wa Morogoro, watu ambao hawakuwa na huduma ya kawaida ya meno. Mwaka 1988 Baelum na Fejerskov, safari hii pamoja na Manji, walitoa mengine kutoka wilaya ya Machakos, Kenya, ambako walipima watu zaidi ya 1,100 wa umri wa miaka 15 hadi 65. Kote kuwili walikuta ukoga na ugaga tele, na fizi zinazotoa damu zilikuwa jambo la kawaida. Vitabu vya zamani vilisema watu kama hao lazima wawe vibogoyo wakiwa bado vijana. Haikuwa hivyo. Wengi walikuwa bado na meno yao, na uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umewakusanyikia watu wachache.

Huko Sri Lanka nako, Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Hawakuwa na mazoea ya kusafisha meno wala daktari wa meno. Katika kila 100, watu 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba, 81 waliharibika polepole, na 8 waliharibika kwa kasi sana, hata walipofika miaka 45 meno yao karibu yote yalikuwa yamekwisha. Kazi ileile, uchafu uleule mdomoni, lakini miisho mitatu tofauti.

Basi damu kwenye mswaki inatuambia kwamba kuna moto. Haituambii nani nyumba yake itateketea, na hilo ndilo wanalolitafuta wanaopima viashiria. Huko Finland, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, utafiti wa miaka mingi umezaa kipimo cha haraka cha MMP-8. Mtu anasukutua, maji yanatiwa katika kifaa kinachofanana na kile cha malaria au cha mimba, na baada ya dakika 5 mistari inaonekana. Ni kitu kizuri. Hata hivyo wataalamu waliokutana Chicago mwaka 2017 kupanga upya magonjwa ya fizi, na kutangaza mpango huo mwaka 2018, hawakukifanya kipimo cha viashiria kuwa mlango wa kuingilia. Waliacha nafasi kitumike kadiri ushahidi unavyoongezeka. Msingi umebaki kwenye kijiti chembamba chenye alama za milimita, ambacho daktari hukitelezesha kati ya jino na ufizi ili apime kina cha mfuko, pamoja na picha ya eksirei kuona mfupa.

Kwa kuona kwetu sisi, hiyo ni habari njema kwa mwanamke wa Majengo au wa Laela. Kujua hali ya fizi hakusubiri mashine ya Ulaya. Kunahitaji mtu afungue mdomo mbele ya daktari wa meno kabla jino halijacheza.

Mama aliyechangiwa

Tunamfahamu mama mmoja muuza maharage, mwenye umri wa miaka 48. Meno yake mawili ya mbele ya juu yalilegea mpaka yakatoka yenyewe, moja akiwa anakula mhindi wa kuchoma. Akawa hacheki tena bila kufunika mdomo kwa kanga. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa, na watoto wakaamua kwamba mama hatapiga picha za harusi akiwa na pengo. Waliuza ng'ombe wawili, wakachanga na fedha nyingine, wakampeleka mjini mbali na hapa kwa daktari wa meno.

Daktari alitazama, akapima kwa kile kijiti, akapiga picha. Meno yaliyobaki yalikuwa na mifuko mirefu, mengine yakitoa usaha. Akasema hapandikizi. Akaagiza kwanza apimwe sukari. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu iliyopita, kilikuwa zaidi ya asilimia 9. Hakuwa amejua kama ana kisukari.

Watoto walikasirika. Walidhani daktari anataka fedha zaidi, na mkwe mtarajiwa akataja mahali pengine ambapo wangewekewa bila maswali. Mama alirudi Sumbawanga akaja kwetu na bahasha yake ya picha, akasema, "Nesi, naomba mniambie ukweli. Mimi ni mgonjwa wa meno au wa sukari?"

Tulimjibu kwamba ni mgonjwa wa vyote viwili, na kwamba kila kimoja kinakichochea chenzake. Sukari ikipanda, uvimbe wa fizi unakuwa mkali na mfupa unaliwa upesi. Fizi zikiwaka, kemikali zile tulizozitaja huingia katika damu na kuifanya sukari iwe ngumu kushuka. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mgonjwa wa kisukari akisafishwa fizi vizuri, HbA1c yake hushuka kwa wastani wa kama 0.4 katika miezi mitatu au minne. Si badala ya dawa, lakini si kitu cha kudharau. Na katika ule mpango wa 2018, HbA1c ya asilimia 7 au zaidi inamweka mgonjwa wa fizi katika kundi la wanaotarajiwa kuharibika haraka, pamoja na wavutao sigara 10 au zaidi kwa siku.

Harusi ilifanyika. Mama alipiga picha mdomo umefumbwa. Kwa miezi mingi alikwenda kliniki ya kisukari, akaondolewa ugaga na kusafishwa mizizi kwa awamu, meno mengine mawili yakang'olewa maana hayakuwa na pa kushika. Fizi zikaacha kutoa damu. Mwishoni aliamua kuchukua meno bandia ya kuvua na kuvaa, na fedha iliyobaki akaezeka nyumba. Binti yake bado anaona mama alionewa. Sisi tunaona daktari yule alimtendea haki, na tungependa wasomaji wetu waelewe sababu.

Chuma kinachopendwa na mfupa

Wazee wa Ufipa walikuwa wahunzi wakubwa. Waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, malungu, ambazo magofu yake bado yako hapa uwandani. Walijua pia kwamba chuma huliwa na kutu. Madini yanayotumika kupandikiza meno, yaani titani, hayapati kutu mwilini, na yana tabia moja ya ajabu ambayo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliigundua miaka ya 1950 akichunguza mifupa ya sungura. Alipotaka kutoa vifaa vyake vya titani havikutoka. Mfupa ulikuwa umeshikana navyo. Mwaka 1965 alimpandikizia Gösta Larsson, mgonjwa wake wa kwanza, na Larsson aliishi na meno hayo hadi kifo chake mwaka 2006.

Kwa hiyo jino la kupandikiza linaweza kudumu miaka mingi. Halitoboki wala haliozi. Lakini ufizi unaolizunguka ni nyama ya mwanadamu. Jino la asili limefungwa na nyuzi zinazoingia ndani ya mzizi na kuweka kama uzio. Skrubu ya titani haina nyuzi za namna hiyo, na moto ukianza njia ya kufika mfupani ni nyepesi zaidi. Mwanzoni ufizi unavimba na kutoa damu tu, na hapo usafi unatosha kuuponya. Ukiachwa, mfupa unaliwa, skrubu inalegea. Watafiti Derks na Tomasi, walipokusanya tafiti mbalimbali mwaka 2015, walikadiria kwamba katika kila watu 100 wenye meno hayo, 43 walikuwa na uvimbe wa hatua ya kwanza na 22 walikuwa wamefikia kuliwa mfupa. Aliyewahi kuugua fizi vibaya yumo hatarini zaidi ya wengine. Ukipima majimaji pembeni ya skrubu inayougua, utakuta intaleukini ileile na MMP-8 ileile. Ila viashiria hivyo havijaweza kutofautisha vizuri hatua ya kwanza na ya pili, hivyo hapa pia kijiti na eksirei ndivyo vinavyoamua.

Anayefikiria kupandikiza na amuulize daktari maswali haya kabla ya kutoa fedha: Fizi zangu zimepimwa kina? Sukari yangu je? Nani atanisafisha na kuniangalia kila baada ya miezi michache, na yuko wapi? Swali la mwisho ni zito kwetu tunaokaa Rukwa. Safari ya Mbeya kwa kupitia Laela na Tunduma ni ya siku nzima, na jino la kupandikiza lisiloangaliwa ni mkopo ambao riba yake haionekani.

Wajawazito, wavuta tumbaku, na watoto

Wakati wa mimba homoni huzifanya fizi ziwe kali dhidi ya ukoga, na mama aliyekuwa na damu kidogo sasa anaona nyingi. Wengine huota kinyama chekundu kwenye ufizi, ambacho mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Mjamzito asiogope kutibiwa fizi. Nchini Marekani, utafiti wa wanawake 823 uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kusafishwa fizi wakati wa mimba ni salama na huziponya, ingawa hakukupunguza kujifungua kabla ya wakati. Tunalitaja hilo la pili kwa kuwa tumesikia akina mama wakitishwa kwamba damu ya fizi itamtoa mtoto.

Kwa wavuta tumbaku mambo yamegeuka. Moshi hubana mishipa, damu haitoki, na mtu anajiona mzima huku mfupa ukiendelea kuliwa. Baba asiyetokwa damu na ambaye meno yake yanarefuka kila mwaka apelekwe kupimwa. Wanaobwia ugoro nao hupungukiwa ufizi pale wanapouweka.

Kwa mtoto mdogo tunasema kwa sauti kubwa. Katika utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 karibu nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedhoofu, hasa aliyetoka kuugua surua, akiwa na kidonda cha ufizi chenye harufu mbaya na shavu linalovimba, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache, ambao Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa Desemba 2023. Ukiwahiwa unatibika kwa dawa na chakula.

Kwa wengine wote kazi ya nyumbani ni ndogo. Mswaki laini mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floridi, dakika mbili, nywele za mswaki zikielekezwa mpakani mwa ufizi na jino. Anayetumia mswaki wa mti aendelee, ila autafune mpaka ulainike na asisahau upande wa ndani. Maji ya chumvi yanatuliza, hayaondoi ugaga. Vidonge vya metronidazo vya kununua dukani bila kupimwa hupunguza harufu kwa siku chache na kuuacha ugaga palepale. Damu ikiendelea zaidi ya wiki mbili za usafi mzuri, nenda kwa daktari wa meno, na kama una miaka zaidi ya 40 au kuna kisukari katika ukoo, omba upimwe sukari siku hiyohiyo. Anayevaa meno ya kuvua na ayavue usiku, ayasugue kwa brashi na sabuni, na kuyalaza katika maji safi.